Daka la Mteja

Akaunti ya mteja wa nje ni kitu kidogo: anwani ya barua pepe au namba ya simu, jina, nenosiri lililofichwa, na orodha fupi ya mambo ambayo mwenyewe anaruhusiwa kuyaona. Katika programu za huduma kwa wateja, zile zinazopokea malalamiko na maombi na kuyapa namba ya tiketi, akaunti hiyo haizidi mistari michache ya kanzidata. Anayeiandalia njia ni msimamizi wa mfumo. Kazi yake ikiwa nzuri haimkumbushi mtu chochote: mteja hujisajili, hueleza shida, hujibiwa, akaenda zake. Ikiwa mbaya, mteja hukwama mlangoni na shida yake mkononi, na kampuni haipati hata kujua kwamba alibisha hodi.

Uzito wa ufundi huu umo katika neno "nje". Mfanyakazi ana mkataba, na bosi wake anamjua kwa sura. Akaunti yake hufunguliwa siku anayoripoti kazini na hufungwa siku anayorudisha funguo. Mteja wa nje hana wa kumtolea ushahidi. Anaweza kuwa Kigoma, anaweza kuwa Muscat. Anaweza kuwa mwenye duka kweli, au mtu anayejifanya mwenye duka, au programu ya kompyuta iliyotumwa kujaza fomu usiku kucha. Mfumo unatakiwa umkaribishe wa kwanza, umshtukie wa pili na umzuie wa tatu, na kuyafanya hayo bila kumwona uso hata mmoja wao.

Wajenzi wa nyumba za mawe za Lamu walikuwa na tatizo la aina hii na walilitatua kwa chokaa na matumbawe. Mbele ya nyumba waliweka daka, ukumbi mdogo wenye baraza za kukalia, ambamo mgeni alipokewa, akaketi, akazungumza biashara yake na mwenye nyumba. Nyuma yake ilikuwa tekani, ukumbi wa ndani uliogeuzwa upande ili aliye mlangoni asione uani. Mgeni hakunyimwa heshima, wala hakupewa nyumba. Akaunti ya mteja wa nje ni daka la namna hiyo, na fundi ni yule anayejua pa kuweka kona.

Mfano ulioenea ni Jira Service Management, programu ya Atlassian, kampuni iliyoanzishwa Sydney mwaka 2002 na Mike Cannon-Brookes na Scott Farquhar. Programu hiyo ilitoka mwaka 2013 kwa jina la Jira Service Desk, ikabadilishwa jina mwaka 2020. Ndani yake watu wako makundi mawili. Wahudumu, wanaopokea tiketi na kuzishughulikia, hulipiwa leseni kwa kichwa. Wateja hawalipiwi, wawe kumi au elfu kumi. Bei hiyo inakwenda sambamba na haki: mteja hupewa tovuti yake ndogo, yenye fomu za maombi na orodha ya tiketi zake, na haioni meza ambayo wahudumu wanafanyia kazi. Kwa hiyo tiketi moja ina sura mbili. Mhudumu akiandika, huchagua kama maneno yake ni jibu la kumfikia mteja au ni dokezo la ndani. Machaguo hayo mawili yamekaa jirani kwenye kioo, na ofisi nyingi za huduma zina hadithi ya mtu aliyeandika "huyu mzee ni msumbufu" akabonyeza kitufe kisicho chenyewe.

Kabla ya fomu yoyote kuna swali la nani afunguliwe. Mlango unaweza kufungwa kabisa, wateja wakawa wanaongezwa kwa mkono na wahudumu. Unaweza kuachwa wazi, kila mwenye barua pepe akajisajili mwenyewe. Baina ya hayo mawili kuna mlango wa nusu, ambao wanaoingia ni wenye anwani za kampuni zilizokubaliwa tu. Jibu halipatikani katika kitabu cha maelekezo cha programu. Linapatikana kwa kuangalia anayekuja.

Mfano uwe kampuni inayouza na kutengeneza mashine za EFD, zile za risiti ambazo mfanyabiashara wa Tanzania aliyetakiwa kuzitumia hawezi kuuza kihalali bila hizo. Ni Jumamosi, saa nne asubuhi, katika duka la vifaa vya ujenzi. Mashine imekwama, karatasi inatoka nyeupe. Mbele ya kaunta kuna fundi muashi anayetaka saruji mifuko kumi na risiti yake, na nyuma yake wengine watatu. Mwenye duka anashika simu kwa mkono mmoja, kidole gumba ndicho kinachoandika. Kwa mtu huyu mlango uliofungwa ni adhabu: atasubiri hadi Jumatatu ili mhudumu amwongeze kwenye orodha. Lakini kampuni iliyomuuzia mashine tayari inamjua. Ina jina lake, namba ya mashine na TIN yake, yaani namba ya mlipakodi, katika daftari la mauzo. Fundi mwenye akili huandaa akaunti siku ile mashine inapouzwa, mteja akiwa bado amekaa ofisini anakunywa soda, ili siku ya shida kusiwe na usajili wowote. Usajili bora ni ule uliokwisha kufanyika kabla haujahitajika.

Kuna njia nyingine ambayo wengi hawaioni kuwa ni usajili. Mteja anatuma barua pepe kwenye anwani ya huduma. Programu inaisoma, inafungua tiketi, na kama anwani ile ni ngeni inamfungulia mwenyewe akaunti papo hapo. Hakujaza fomu, hakuchagua nenosiri. Amejitambulisha kwa kuomba msaada, kama mgeni anayejulikana jina lake kwa kupiga hodi. Njia hii ni nzuri kwa watu wasiopenda fomu, na hatari yake ni moja: anwani ya mtumaji katika barua pepe huweza kughushiwa. Kwa hiyo akaunti iliyozaliwa hivyo isipewe kuona chochote cha zamani mpaka mwenyewe athibitishe kwamba sanduku la barua ni lake.

Mlango ulioachwa wazi huleta wageni wa aina nyingine, zikiwamo zile programu za kujaza fomu. Tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000 yale mafumbo ya herufi zilizopindwa, ambayo baadaye yaligeuka kuwa picha za taa za barabarani, yanaitwa CAPTCHA, jina lililotolewa na Luis von Ahn na wenzake wa Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon. Yanasaidia, lakini yanamchosha pia mteja wa haki, hasa mwenye macho mabovu au mtandao wa kusuasua. Msimamizi mzoefu huangalia kwanza ni kitu gani mtu mbaya anakitafuta, na mara nyingi hakitafuti kuingia. Ujanja mmoja uliozoeleka ni huu: mhuni anajaza fomu kwa kutumia anwani ya mtu mwingine, na kwenye kisanduku cha jina anaandika tangazo lake, "Umeshinda zawadi, bofya hapa", pamoja na kiungo. Mfumo, kwa adabu zake zote, unamtumia yule mtu barua ya kuthibitisha: "Habari Umeshinda zawadi, bofya hapa, karibu kwetu." Barua imetoka kwenye seva inayoaminika, kwa hiyo haikuzuiwa na vichujio. Kampuni imegeuzwa punda wa kubebea mzigo wa mwizi. Dawa yake ni ndogo mno: barua ya kwanza isimtaje mtu jina. Msalimie bila jina mpaka athibitishe. Ufundi wa kazi hii umejaa dawa za ukubwa huo, ambazo hakuna atakayezipigia makofi.

Inakuja fomu yenyewe, na hapa kipaji kiko katika kufuta. Kila kisanduku kina mtu ofisini aliyekiomba: idara ya masoko inataka tarehe ya kuzaliwa, mkuu wa mauzo anataka mkoa na wilaya, mtu fulani aliyeacha kazi zamani alitaka kujua mteja alisikia wapi habari za kampuni. Mwenye duka na kidole gumba chake ndiye anayelipa gharama ya yote hayo. Msimamizi hutenga maswali ya mtu na maswali ya shida. Barua pepe au simu, na jina, ni vya mtu. Huulizwa mara moja tu. Namba ya mashine, kosa lililoandikwa kwenye kioo chake, na picha ya karatasi nyeupe ni vya tiketi. Huulizwa kila shida inapotokea, kwa sababu kila mara hubadilika. Mfumo unaochanganya mafungu haya mawili humfanya mteja ajieleze upya kila anaporudi, na kuulizwa jina na mtu anayekujua ni tusi, hata kama anayeuliza ni kompyuta.

Jina ndilo shimo kubwa kuliko yote. Fomu nyingi zilichorwa katika nchi ambazo mtu ana jina lake na jina la familia, zikaja na visanduku viwili vya lazima. Mtu wa Pwani huitwa kwa jina lake, la baba na la babu. Asha Juma Makame akiandika "Makame" kwenye kisanduku cha jina la familia, ameliandika jina la babu yake. Mfumo utakapomtumia barua inayoanza "Habari Makame", salamu itakuwa imemwendea marehemu. Rwanda na Burundi, watoto wa tumbo moja huweza kila mmoja kuwa na jina lisilofanana na la ndugu yake wala la baba. Wakongo wengi huandika majina matatu kwa mpangilio wao: jina, kisha postnom, jina la nyongeza lililotokana na sera ya Rais Mobutu ya mwaka 1972 ya kuyaacha majina ya Kizungu, kisha jina la ubatizo. Omani kuna "bin" na "bint" katikati na "Al" kabla ya jina la kabila, na mfumo unaopanga wateja kwa alfabeti utawarundika nusu ya watu wa Muscat chini ya herufi A. Patrick McKenzie, mwandishi wa programu Mmarekani, aliwahi mwaka 2010 kuorodhesha mambo 40 ambayo waandika programu huyaamini kuhusu majina na yote si kweli. Dawa iliyopimwa ni kisanduku kimoja, "Jina kamili", na cha pili cha hiari kinachouliza mteja angependa aitweje. Mwenye kutaka kuitwa Mama Salma ataandika Mama Salma.

Ndani ya shimo hilo kuna shimo jingine, la ukubwa wa nukta. Kiswahili na lugha za jirani zina sauti ya ng', na alama yake huingia katika majina: Ng'ang'a, Mang'enya. Fomu iliyoandikwa ikubali "herufi tu" humkataa Ng'ang'a na kumwambia jina lake si sahihi. Mfumo uliosukwa vibaya humfanyia kubwa zaidi, kwa sababu katika lugha ya SQL alama hiyohiyo ndiyo inayofunga maneno: jina hukatika katikati, amri ya kanzidata inavurugika, ukurasa unakuwa mweupe. Hata mfumo mzuri una mtego. Kibodi ya simu huweza kuweka alama iliyopinda, ile ya kompyuta ikaweka iliyonyooka. Kwa jicho ni kitu kimoja. Kwa mashine ni herufi mbili, U+2019 na U+0027. Ng'ang'a aliyejisajili kwa simu na Ng'ang'a anayetafutwa na mhudumu kwa kompyuta wanakuwa watu wawili, na mhudumu anaapa kwamba mteja hayumo. Anayejua hilo hugeuza alama zote kuwa za aina moja kabla ya kuhifadhi, akaendelea na kazi zake.

Namba ya simu ina tabia zake. Watu huiandika kwa sifuri mwanzoni, au 255, au +255, kwa nafasi au bila nafasi, na wote wako sahihi. Umoja wa Kimataifa wa Mawasiliano, katika kanuni yake ya E.164, umeweka tarakimu 15 kuwa kikomo cha namba kamili, na namba za simu za mkononi za Tanzania na Kenya zina tarakimu tisa baada ya 255 au 254. Sheria ya fundi ni kupokea kila namna na kuhifadhi namna moja. Fomu inayomrudisha mtu kwa sababu ameacha nafasi kati ya tarakimu imemtwika mteja kazi ambayo kompyuta ingeimaliza kabla hajapepesa. Wala mianzo ya namba isitumike kubashiri mtandao wa mteja: Kenya iliruhusu watu kuhama mtandao na namba zao mwaka 2011, Tanzania mwaka 2017.

Barua pepe huonekana rahisi, nayo ina visa vyake. Simu nyingi huanza sentensi kwa herufi kubwa, kwa hiyo asha huwa Asha. Zikikamilisha neno zenyewe, huacha nafasi tupu mwishoni ambayo hakuna jicho linaloiona. Anwani yenye nafasi hiyo hukataliwa na mfumo mkali kwa maneno "Ingizo batili". Maneno hayo mawili yamewafukuza watu wengi kuliko wezi wote wa mtandaoni, na ni haki kusema kwamba aliyeyaandika hakuwahi kusimama nyuma ya kaunta. Mfumo wenye ubinadamu hukata nafasi ile kimyakimya. Na pale kosa linapokuwa la kweli, kama mtu aliyeandika gmail.con, husema kwa lugha ya mtu: "Je, ulikusudia gmail.com?"

Baada ya fomu ni uthibitisho. Mfumo hutuma kiungo kwenye barua pepe au tarakimu sita kwenye simu, na anayeweza kuvisoma amethibitisha kwamba sanduku au laini ni yake. Hajathibitisha kitu kingine. Hajathibitisha kwamba ni mwaminifu, wala kwamba ni mwenye duka. Hilo wasimamizi wachanga hulisahau, wakampa mtu haki za kampuni nzima kwa sababu alibofya kiungo. Kiungo kiwe na muda wa kufa, kitumike mara moja, na barua iliyokibeba iwe fupi, kwa Kiswahili kama mteja ni wa Kiswahili, ikieleza imetoka kwa nani na kwa nini. Namba ya simu ina kasoro moja ya kuangaliwa: laini iliyoachwa muda mrefu huuzwa kwa mtu mwingine. Mnunuzi mpya wa laini akiomba tarakimu sita, zitamfikia yeye, pamoja na tiketi za aliyemtangulia. Kwa sababu hiyo akaunti iliyolala mwaka mzima iamshwe kwa ushahidi zaidi ya simu peke yake.

Nenosiri lina historia ya aibu inayofundisha. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 Fernando Corbató na wenzake wa chuo cha MIT walikuwa na kompyuta moja yenye mfumo wa CTSS, iliyotumiwa na watu wengi kwa wakati mmoja, wakampa kila mtu nenosiri lake. Mwaka 1962 mwanafunzi wa uzamivu, Allan Scherr, aliyekuwa akiishiwa saa zake za kompyuta, aliomba faili la maneno yote ya siri lichapishwe, na likachapishwa. Miaka michache baadaye faili hilo lilijichanganya na lile la ujumbe wa siku, na kila aliyeingia akasalimiwa kwa orodha ya maneno ya siri ya wenzake. Maneno yalikuwa yamehifadhiwa jinsi yalivyo. Mwaka 1979 Robert Morris na Ken Thompson walieleza njia ambayo mfumo wa Unix uliifuata: nenosiri lisagwe kwanza, uhifadhiwe unga wake. Mahindi yaliyosagwa hayarudi kuwa punje. Mtu akiingia, alichoandika husagwa tena na unga hulinganishwa na unga. Wakaongeza chembe ya chumvi, ndivyo wanavyoiita hata wenyewe, tofauti kwa kila mtu, ili wawili waliochagua neno moja wasitoe unga unaofanana.

Msimamizi wa leo hasagi mwenyewe, programu inamsagia. Chake ni masharti, na hapo ndipo madhara mengi yalipofanyika. Mwongozo wa taasisi ya viwango ya Marekani, NIST, ulioandikwa na Bill Burr mwaka 2003, uliwazoesha watu kudai herufi kubwa, tarakimu na alama, na kubadilisha mara kwa mara. Matokeo yake yanajulikana katika kila ofisi: Dodoma2024! hugeuka Dodoma2025!, na karatasi hubandikwa chini ya kibodi. Mwaka 2017 NIST iliyaacha masharti hayo, ikataka urefu usiopungua herufi nane na neno lilinganishwe na orodha za maneno yaliyokwisha kuvuja; Burr mwenyewe, akiwa amestaafu, alikiri kujutia mengi ya aliyoyaandika. Bado fomu nyingi zinadai ile alama ya mshangao.

Kwa mteja wa nje kuna hoja ya ziada. Mwenye duka hurudi mara mbili kwa mwaka, mashine inapogoma. Nenosiri linalotumiwa mara mbili kwa mwaka ni nenosiri lililosahauliwa. Afadhali mfumo umtumie kiungo cha kuingilia kila anapohitaji na kuachana na nenosiri kabisa. Usalama haupungui, maana hata aliyesahau nenosiri hurudishiwa kwa kiungo kilekile. Na anayeomba kurudishiwa ajibiwe kwa maneno yaleyale, awe na akaunti au asiwe nayo: "Kama anwani hii imesajiliwa, ujumbe umetumwa." Jibu la "hakuna akaunti kama hiyo" linaonekana la kirafiki, lakini mwizi mwenye orodha ya anwani elfu moja atalitumia kuchuja wateja wa kampuni mmoja mmoja.

Mteja akishaingia, lililobaki ni nani aone nini, na humo kosa moja dogo huweza kuangusha kampuni. Programu za huduma huwaruhusu wateja kukusanywa katika mashirika: wafanyakazi watano wa duka moja la jumla wakaziona tiketi za wenzao, mhasibu akafuatilia aliloanzisha mwenye stoo. Ni jambo la faida sana. Mifumo mingi huweza pia kumweka mtu katika shirika kwa kuangalia kinachofuata alama ya @ katika anwani yake. Kwa kampuni yenye anwani zake hilo linafanya kazi vizuri. Afrika Mashariki, ambako hata baadhi ya kampuni kubwa hufanya biashara kwa anwani ya Gmail, mtego umetegwa wazi: msimamizi akiweka gmail.com kuwa alama ya shirika moja, kila mwenye Gmail anaingizwa humo, na muuza saruji anaanza kusoma matatizo ya mauzo ya mshindani wake wa mtaa wa pili. Ile kona ya tekani imebomolewa kwa mbofyo mmoja. Mashirika ya namna hii hujazwa kwa mkono, jina kwa jina, kwa idhini ya mtu mmoja aliyekubaliwa na mteja kuwa msemaji wake. Ni kazi ya kuchosha, na ndiyo inayomtofautisha anayesimamia mfumo na anayeubofya tu.

Kuna pia kuingiza wateja kwa jumla, kazi ya siku kampuni inapohama kutoka daftari la Excel kwenda kwenye programu. Excel ina mazoea yake. Ikiona 07 mwanzoni mwa namba ya simu, hudhani ni hesabu, ikaitupa sifuri. Tarakimu inazoweza kuzitunza kwa uhakika ni 15 tu. Namba ya NIDA, ile ya kitambulisho cha taifa cha Tanzania, ina 20, nane za kwanza zikiwa tarehe ya kuzaliwa, kwa hiyo tano za mwisho hugeuka sifuri na haziponi tena faili likishahifadhiwa. Watu elfu wanabaki na namba za watu wengine, au za mtu asiyekuwapo. Wazoefu huzifanya safu hizo kuwa maandishi kabla ya kubandika chochote, hujaribu mistari ishirini kwanza, huifungua mmoja mmoja na kuilinganisha na karatasi. Barua za mwaliko nazo hutumwa kwa mafungu, kwa sababu barua elfu tatu zikitoka dakika moja kwenye anwani mpya, watoa huduma wa barua pepe huzihesabu kuwa takataka.

Sheria zimeingia katika kazi hii hivi karibuni na kuipa nguvu tabia njema iliyokuwapo. Kenya na Uganda zilitunga sheria za kulinda taarifa binafsi mwaka 2019, Rwanda mwaka 2021, Tanzania mwaka 2022, na ya Tanzania ikaanza kutumika tarehe 1 Mei 2023. Zote zinataka mtu aulizwe kile tu kinachohitajika kwa kusudi aliloelezwa. Msimamizi aliyekwisha kufuta tarehe ya kuzaliwa kwenye fomu kwa kumhurumia mwenye duka anakuta amekwisha kuitii sheria.

Hatua ya mwisho hukumbukwa mwisho, na mara nyingi haikumbukwi: kufunga. Mhasibu wa duka la jumla ameacha kazi na kuhamia kwa mshindani, na barua pepe yake bado inapokea kila jibu la kila tiketi. Kampuni iliyomwajiri haikumwambia mtu, kwa sababu haikujua kwamba kuna wa kuambiwa. Ndiyo maana wasimamizi wazuri hutuma kwa kila shirika, mara moja au mbili kwa mwaka, orodha ya watu wake na swali moja: ni nani kati ya hawa hayupo tena? Aliyeondoka husimamishwa kwanza. Hawezi kuingia wala kupokea, lakini aliyoyaandika yanabaki, maana fundi atakayeifungua mashine ileile kesho anahitaji kujua iliwahi kuharibika nini. Mteja akiomba afutwe kabisa, ni haki yake, na jina huondolewa. Katika programu za Atlassian, mahali pake hubaki maneno yanayosema tu kwamba aliwahi kuwa mtumiaji. Chini yake tiketi inaendelea kusomeka: namba, Jumamosi, saa nne na dakika kumi asubuhi, karatasi inatoka nyeupe, picha moja imeambatishwa.